ASIDI ILIYO DAWA NA ASIDI INAYOUNGUZA

Kama umeketi na watoto, usiwafukuze, maana mambo ya leo yanawahusu sana. Kama una kalamu na karatasi karibu, chukua, kwa sababu kuna vipimo ambavyo ningependa uviandike ili usitegemee kukumbuka tu.

Leo tunazungumza kuhusu asidi na ngozi. Najua neno asidi linaogopesha. Mtu akilisikia anafikiria maji ya betri ya gari, au habari za mtu aliyemwagiwa usoni akaharibika. Hofu hiyo ina sababu. Lakini ukienda katika duka la dawa kutafuta dawa ya mashilingi, ya chunusi, ya mba au ya visigino vilivyopasuka, mara nyingi utapewa dawa ambayo ndani yake mna asidi, na jina hilo limeandikwa wazi juu ya kikopo.

Hapo ndipo watu hugawanyika mara mbili. Wa kwanza anasoma neno hilo, anashtuka, anaiweka dawa juu ya kabati na kuiacha hapo huku mtoto akiendelea kujikuna. Wa pili anajiambia hivi: kama dawa ya dukani ni asidi, na maji ya betri ni asidi, basi kwa nini ninunue? Anachovya kijiti katika betri kuukuu na kumpaka mtoto. Katika kazi yangu nimemhudumia mtoto wa gredi ya pili aliyepakwa maji ya betri kwenye mashilingi ya shavuni. Mashilingi yale yangepona kwa wiki chache bila kuacha alama. Kovu la kuungua atakuwa nalo maishani.

Basi tuelewane leo: asidi iliyo dawa inatofautianaje na asidi inayounguza? Ni ipi inatumika kwa ugonjwa gani? Na ni wakati gani unapaswa kuacha kujipaka na kwenda kituo cha afya?

Ngozi yako yenyewe ina asidi kidogo

Jambo la kwanza linaweza kukushangaza. Ngozi ya mtu mwenye afya ina asidi kidogo juu yake. Inatoka katika jasho, katika mafuta ya ngozi na katika seli zinazochakaa. Mwaka 1928 madaktari wawili wa Ujerumani, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, waliieleza hali hiyo kama joho la asidi linaloifunika ngozi. Joho hilo huzuia vijidudu vingi visistawi, na husaidia ngozi isipoteze maji yake.

Wataalamu wana kipimo cha asidi kinachoanzia 0 hadi 14. Maji safi yapo katikati, kwenye 7. Kadiri unavyoshuka chini ya 7 ndivyo asidi inavyozidi, na kila ukishuka hatua moja, asidi inaongezeka mara kumi. Ngozi iko karibu na 5. Maziwa lala yako kati ya 4 na 5, kwa hivyo hayako mbali na ngozi. Ndimu iko karibu na 2. Piga hesabu: kutoka 5 hadi 2 ni hatua tatu, yaani kumi mara kumi mara kumi. Maji ya ndimu yana asidi karibu mara elfu moja kuliko ngozi yako. Maji ya betri yako chini ya 1, kwa hivyo yanaizidi ngozi kwa zaidi ya mara elfu kumi.

Upande wa pili, sabuni nyingi za kipande ziko kati ya 9 na 10. Ndiyo maana mtu anayejisugua kwa sabuni kali mara nyingi kwa siku ngozi yake hukauka, ikawasha na kupauka. Amelivua lile joho. Kwa hivyo kabla hatujafika kwenye dawa, ushauri wa kwanza ni huu: mwenye ngozi kavu atumie sabuni isiyo kali, asijisugue kwa nguvu, na ajipake mafuta mara tu anapomaliza kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Mambo manne yanayoifanya asidi kuwa dawa

Wale wanaotengeneza dawa za ngozi huangalia mambo manne.

La kwanza ni aina ya asidi. Asidi ya betri ni kali kwa asili. Ikigusa nyama hai inaiunguza papo hapo na kuendelea kuchimba. Asidi za dawa ni dhaifu kwa asili. Hizo ni kama asidi ya salisiliki, asidi ya benzoiki, asidi ya laktiki na asidi ya azelaiki. Asidi ya laktiki ndiyo ile ile inayoyafanya maziwa kuwa lala. Asidi ya salisiliki ilipata jina lake kutokana na mti unaoota kandokando ya mito ya Ulaya, na mwaka 1838 Mwitaliano Raffaele Piria aliitengeneza kutokana na kitu kilichotolewa katika mti huo. Siku hizi hutengenezwa viwandani, nayo ni ndugu wa aspirini.

La pili ni kiasi. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 husafisha vitundu vya ngozi yenye chunusi. Asidi hiyo hiyo ya asilimia 40 inaweza kulainisha na kuondoa chunjua ngumu chini ya wayo. Ukiichukua dawa ya wayo ukaipaka usoni utaungua, hata kama jina la asidi ni moja. Kwa hivyo usisome jina peke yake. Soma na namba iliyo kando yake.

La tatu ni kile ambamo asidi imechanganywa. Mafuta mazito huitoa asidi polepole, nayo yanafaa ngozi kavu na nene. Krimu ni nyepesi zaidi. Dawa ya majimaji hukauka haraka na hufaa sehemu ndogo kama chunjua au sehemu yenye nywele.

La nne ni mahali na muda. Ngozi ya wayo ni nene. Ngozi ya kope, ya kwapa, ya kinena na ya mtoto mchanga ni nyembamba sana. Dawa inayofaa mahali pamoja inaweza kuwa sumu mahali pengine.

Maji ya betri yameshindwa katika mambo yote manne. Si ya aina inayofaa, hayakupimwa kiasi, hayakuchanganywa na chochote cha kuyatuliza, na anayeyapaka hana njia ya kuyazuia yasiingie ndani. Zaidi ya hayo, betri ya gari ina risasi, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Mashilingi na dawa ya Whitfield

Mashilingi, ambayo wengine huita choa, ni ugonjwa wa ukungu. Hakuna mnyoo wowote ndani yake. Ukungu huo hula ile tabaka ya juu ya ngozi ambayo imekwisha kufa, pamoja na nywele na kucha. Ndiyo maana doa huanza dogo, likapanuka kama duara, ukingo ukiinuka na kuwasha huku katikati pakianza kupona.

Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari wa ngozi wa London aliyeitwa Arthur Whitfield alichanganya asidi mbili katika mafuta, na mpaka leo dawa hiyo hubeba jina lake. Katika kila gramu 100 za dawa ya Whitfield kuna gramu 6 za asidi ya benzoiki na gramu 3 za asidi ya salisiliki. Zilizobaki ni mafuta. Kila moja ina kazi yake. Asidi ya salisiliki hulegeza ile ngozi iliyokufa ikabanduka, na ukungu unaoishi ndani yake ukaondoka nayo. Asidi ya benzoiki huuzuia ukungu uliobaki usiendelee kukua. Fikiria mkulima anayeng'oa magugu pamoja na udongo wa juu, kisha anazuia mbegu zilizobaki zisiote.

Dawa hii ni ya bei nafuu, nayo ilikaa miaka mingi katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Siku hizi kuna krimu nyingine kama klotrimazoli na tabinafini ambazo haziwashi sana na zinafaa hata sehemu laini. Ukizipata, ni nzuri. Lakini ukipewa Whitfield katika zahanati usidhani umepewa dawa ya kizamani isiyofaa. Inafanya kazi ikitumiwa vizuri, na kuitumia vizuri ni hivi:

Osha mahali penye mashilingi kwa maji na sabuni, kisha ukaushe kabisa kwa kitambaa ambacho hakuna mwingine anayekitumia. Paka dawa kidogo, safu nyembamba, asubuhi na jioni. Pita kidogo nje ya ukingo wa doa, karibu upana wa kidole, kwa sababu ukungu hutangulia mbele ya kile unachokiona. Endelea hata baada ya doa kutoweka, kwa wiki mbili nyingine. Kwa jumla inaweza kuchukua wiki nne au zaidi. Wengi huacha siku kuwasha kunapokwisha. Mwezi ukiisha mashilingi yanarudi, nao wanailaumu dawa.

Usipake Whitfield usoni, machoni, kwenye sehemu za siri, kwapani, wala kwenye ngozi yenye kidonda au inayotoa maji. Usimpake mtoto mchanga. Ukihisi kuwasha kidogo kwa dakika chache, hilo si la ajabu. Ukihisi moto unaozidi, nawa kwa maji mengi na uache.

Sasa, mzazi, andika hili. Mashilingi ya kichwani hayaponi kwa kupaka dawa peke yake, iwe ni Whitfield au krimu nyingine yoyote. Ukungu umeingia katika mizizi ya nywele ambako dawa ya kupaka haifiki. Mtoto mwenye mabaka kichwani, nywele zikikatika, anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama griseofulvini, na anaipata baada ya kupimwa kituoni. Usipoteze miezi mitatu ukimpaka mafuta. Nywele zikikosa matibabu kwa muda mrefu, na kichwa kikitunga usaha, huenda zisiote tena mahali hapo.

Chunusi na madoa meusi yanayobaki

Tuje kwa vijana, na kwa watu wazima pia, maana chunusi haziulizi umri. Chunusi hutokea wakati kitundu cha ngozi kinapozibwa na mafuta na seli zilizokufa, kisha vijidudu vikazaliana ndani. Hazisababishwi na uchafu, kwa hivyo kusugua uso mara kumi kwa siku hakusaidii.

Asidi ya salisiliki ya asilimia nusu hadi 2 huingia katika mafuta yaliyoziba kitundu na kuyalegeza. Inapatikana kama dawa ya kunawa uso au ya kupaka. Anza mara moja kwa siku, au siku moja ndiyo na siku moja hapana, mpaka ngozi izoee.

Nyingine ni asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20. Hii inapatikana kwa asili katika nafaka kama ngano na shayiri. Hupunguza vijidudu vya chunusi, hutuliza uvimbe, na pia hufifisha yale madoa meusi yanayobaki chunusi ikishapona. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi jambo hili ni muhimu, kwa sababu mara nyingi doa hukaa muda mrefu kuliko chunusi yenyewe. Mama mjamzito huweza kuandikiwa asidi hii, lakini amwambie muuguzi au daktari kwanza kwamba ana mimba.

Dawa hizi zinahitaji subira. Usitazame kioo siku ya tatu ukakata tamaa. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Na unapozitumia, jikinge na jua kwa kofia au mwavuli, kwa sababu jua hulizidishia doa weusi.

Wengine hujipaka ndimu usoni ili watakate. Tumekwisha kuona kwamba ndimu ina asidi mara elfu kuliko ngozi. Lakini kuna tatizo la pili. Ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na jua kwenye ngozi husababisha kuungua na malengelenge, kisha alama nyeusi za miezi mingi. Mtu alitaka kutoa doa moja, akapata uso mzima wa madoa. Ndimu ni ya samaki na chai. Vivyo hivyo usisage aspirini ukapaka usoni, wala usitumie dawa ya meno au dawa ya kutoa madoa ya nguo.

Hapa pia nitaje krimu za kujichubua. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa kichinichini. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Krimu isiyoonyesha imetengenezwa na nani na ina nini ndani, usiipake, hata kama jirani yako ameng'aa nayo.

Chunjua, sugu na visigino vilivyopasuka

Chunjua ni vinundu vigumu vinavyoota vidoleni, mikononi au chini ya wayo. Husababishwa na virusi. Nyingi hupotea zenyewe, hasa kwa watoto, ingawa zinaweza kuchukua mwaka mmoja au miwili. Watu huzikata kwa wembe, huzichoma kwa mkaa au kuzifunga kwa uzi. Wembe husambaza virusi, na kuchoma huacha kovu.

Dawa ya salisiliki ya asilimia 17 hivi, ya majimaji, huzimaliza polepole. Loweka mahali hapo katika maji ya vuguvugu dakika tano hadi kumi. Sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, na jiwe hilo liwe la chunjua hiyo tu. Kausha. Paka vaselini kwenye ngozi nzima inayoizunguka, ili dawa isiiguse. Kisha tia tone la dawa juu ya chunjua yenyewe na uiache ikauke. Fanya hivyo kila siku, kwa muda wa hadi wiki kumi na mbili. Usiitumie usoni wala sehemu za siri. Chunjua za sehemu za siri zina matibabu yake kituoni, na hakuna anayekucheka huko.

Kwa visigino vilivyopasuka, yale magaga yanayouma ukikanyaga, kuna krimu zenye yurea ya asilimia 10 au zaidi, asidi ya laktiki, au salisiliki kidogo. Hizi hulainisha ngozi nene na kuvuta maji ndani yake. Loweka miguu jioni, kausha, paka, kisha vaa soksi za pamba ulale nazo. Ukikosa krimu hizo, vaselini ya kawaida kila usiku ni afadhali kuliko kukata kwa wembe. Ufa ulio wazi unaotoa damu upake vaselini tu mpaka ufunge, ndipo uanze krimu yenye asidi.

Lakini kama una ugonjwa wa kisukari, simama hapo. Usipake asidi yoyote miguuni bila kuonana na mhudumu wa afya. Kisukari hupunguza hisia za miguu na mzunguko wa damu. Unaweza kuungua usijue, kidonda kikaoza, ukapoteza kidole au mguu. Tone la dawa ya chunjua linatosha kuanzisha safari hiyo.

Watoto wachanga

Mama, ngozi ya mtoto mchanga hunyonya dawa kwa wepesi, na mwili wake ni mdogo. Asidi ya salisiliki ikipakwa mwili mzima huingia katika damu na inaweza kumletea sumu: anapumua haraka, anatapika, anasinzia kupita kawaida. Usimpake mtoto mchanga dawa ya mkubwa. Hata kwa mtu mzima, dawa hizi ni za sehemu ndogo, hazipakwi kama losheni ya mwili. Na mtu ambaye aspirini humdhuru amweleze mhudumu kabla ya kupewa dawa yenye salisiliki.

Kabla ya kupaka dawa yoyote mpya, ijaribu. Weka kiasi cha punje ya mtama upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, na ungoje siku mbili. Pasipovimba wala kuwasha, endelea.

Si kila doa ni mashilingi

Upele unaowasha zaidi usiku, katikati ya vidole, na unaoshika nyumba nzima, husababishwa na wadudu wadogo. Asidi haiusaidii. Una dawa yake, na watu wote wa nyumba hutibiwa siku moja.

Doa lililofifia au jekundu kidogo ambalo halina hisia, ukiligusa kwa pamba husikii, linaweza kuwa ukoma. Ukoma bado uko, unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Lakini ukichelewa kwa sababu ulikuwa ukipaka krimu za mashilingi, mishipa ya fahamu huharibika na haiponi. Doa lisilo na hisia ni la kupelekwa kituoni wiki hiyo hiyo.

Halafu kuna krimu zinazouzwa kwamba zinatibu kila kitu: kuwasha, ukungu na vijidudu, zote kwa pamoja. Nyingi zina steroidi kali. Siku ya pili kuwasha kunaisha na unafurahi. Lakini steroidi imetuliza tu ulinzi wa mwili, na ukungu unaenea chini kwa chini. Ukiacha, unarudi ukiwa mkubwa na usio na umbo la kawaida, hata sisi wahudumu tunapata taabu kuutambua. Muulize mwenye duka la dawa: je, hii ina steroidi? Una haki ya kujibiwa.

Na ukiwa na mashilingi mwilini kote, au chunjua nyingi zimetoka kwa ghafla, huenda kinga ya mwili imepungua. Pima sukari na upime virusi vya ukimwi. Yote mawili yana matibabu, na kujua mapema ni bora.

Asidi kali ikimwagikia mtu

Tumalize na huduma ya kwanza. Asidi kali ikimwagikia mtu, usikimbilie hospitali kabla ya kumwosha. Mvue haraka nguo zilizolowa, wewe ukijikinga mikono. Mmwagie maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Kama ni jichoni, fungua kope na uoshe jicho hilo bila kukoma, maji yakitiririkia nje, yasiende kwenye jicho la pili. Usipake magadi, mafuta, yai wala asali. Baada ya kuosha, funika kwa kitambaa safi na uende hospitali. Maji ya dakika za mwanzo ndiyo yanayookoa uso na macho.

Kwa kifupi, msikilizaji, shika haya:

1. Asidi ya dawa imechaguliwa, imepimwa na imechanganywa. Maji ya betri hayapakwi mwilini kamwe.
2. Soma namba ya asilimia kabla ya kupaka. Dawa ya wayo si ya uso.
3. Mashilingi ya mwilini: paka mara mbili kwa siku na uendelee wiki mbili baada ya kupona. Mashilingi ya kichwani: nenda upewe dawa ya kumeza.
4. Mtoto mchanga, mjamzito na mwenye kisukari waulize mhudumu kwanza.
5. Doa lisilo na hisia, mwone mhudumu wiki hiyo hiyo.
6. Kitana, taulo, kofia na wembe visitumiwe na watu wawili. Kwa kinyozi, omba mashine isafishwe kwa dawa kabla ya kukunyoa.

Ukiwa na shaka, mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chenu anaweza kukuelekeza, na kituo cha afya kiko wazi. Njoo na ile dawa uliyokuwa ukipaka, hata kama ni ya mitishamba au huijui jina. Hatutakugombeza. Tunataka tu kuiona ili tujue tuanzie wapi.

Mpitishie jirani yako haya uliyoyasikia, hasa yule mwenye mtoto anayejikuna.